Sheria Isiyo na Mlango wa Kubisha

Goma, Jumatano, 10 Desemba 2025

Leo Australia imeanza kutekeleza sheria yake: mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na nyingine kadhaa. WhatsApp haimo. Bunge lao liliipitisha mwishoni mwa Novemba mwaka jana, likazipa kampuni mwaka mzima wa kujitayarisha. Nimeisikia redioni asubuhi, katikati ya habari za Uvira, ambako waasi wa M23 wanasema mji wote sasa uko mikononi mwao. Katika chumba cha walimu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzungumzia Australia. Wenye ndugu Uvira walikuwa uani, simu sikioni, wakipiga namba zisizopokelewa.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa hesabu ndiye aliyeanza. "Wale wamepata akili," alisema. "Na sisi tungefunga yote." Nikamwuliza nani afunge. "Serikali," akajibu. Nikamwuliza ipi. Hakusema kitu, nami sikumbana, maana tangu M23 walipouchukua mji huu Januari swali hilo haliulizwi kwa sauti hapa.

Naliandika jambo moja la sheria ile kabla watu hawajaanza kuisimulia vibaya. Adhabu haimpati mtoto wala mzazi. Inaipata kampuni: hadi dola za Australia milioni 49.5, ikionekana haikuchukua hatua za kutosha kuwazuia watoto. Sina hakika kama kuwafungia nje watoto wote ni dawa. Lakini wamemtwisha mzigo mwenye mali, anayepata faida. Huku kwetu kila yanapozuka mazungumzo ya simu na watoto, wa kuadhibiwa huwa ni mtoto, na mara nyingi ni binti.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemsindikiza dada yangu kununua simu kwenye vibanda vya mtaa wa Birere. Kijana wa kibanda alifungua boksi, akaweka laini, kisha bila kuuliza akaanza kumfungulia akaunti. Kwao simu kamili ni ile inayotoka kibandani ikiwa na Facebook na WhatsApp tayari. Ilipofika sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, gurudumu la miaka likatokea kwenye kioo. Akalisukuma kwa kidole gumba, likazunguka, likasimama 1990. Siku na mwezi akaweka 1 Januari. Neno la siri likawa namba ya simu yenyewe. Dada amezaliwa 1983.

Nikamwuliza kama huwa anawauliza wateja umri wao.

"Madamu, nikianza kuuliza miaka, mteja anaenda kwa jirani."

Aliyefuata alikuwa mvulana aliyevaa sare ya shule, noti zake amezikunja kiganjani. Naye alipewa 1 Januari 1990.

Ile miaka 13 ambayo mitandao mingi inadai haikupendekezwa na daktari wala mwalimu. Ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998, iliyokataza kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni zikaona ni nafuu kumwambia mtoto asiingie kuliko kumtafuta mzazi wake. Kisha zikaweka gurudumu ambalo yeyote anaweza kulizungusha, zikaosha mikono.

Waaustralia wanasema kampuni isiridhike na neno la mtoto, wala isifanye kitambulisho cha serikali kuwa njia pekee; itafute na njia nyingine, hata ya kukadiria umri kwa kutazama sura. Nimefikiri jinsi hayo yangefanyika hapa. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, na mtoto hapigi kura. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo, lakini darasani kwangu wamo waliozaliwa njiani mama zao wakikimbia, na waliozaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Hao hawajawahi kukiona cheti chao cha kuzaliwa. Sheria ikianza kwa kumwambia mtoto athibitishe umri wake, kwao imeanza kwa kudai kitu ambacho taifa halikuwapa.

Jumanne, 16 Desemba

Mwanafunzi wangu ana miaka 14. Jina lake siliandiki hata humu.

Alisubiri wenzake watoke, akanikabidhi simu ya mama yake. Nikaona uso wake, kola nyeupe ya sare yetu, na chini yake mwili wa mwanamke mwingine asiye na nguo. Pale shingo inapokutana na mabega rangi ya ngozi inabadilika ghafla, na ukingo wa kola umekatwa ovyo. Mtu akitulia kidogo ataona kwamba imebandikwa. Lakini nani alitulia? Imekwisha kupita kwenye vikundi vya shule tatu.

"Mwalimu, ile mwili haiko yangu. Kichwa tu ndiyo yangu."

Alisema hivyo mara moja, bila kulia, akabaki ananitazama, akingoja nifanye kitu.

Tulikaa pamoja tukairipoti kwenye mtandao ilikoanzia. Orodha ya sababu ilikuwa ya Kifaransa. Nikamweleza moja moja, naye akachagua. Jibu lilirudi kabla ya giza kuingia: picha imeangaliwa, haivunji kanuni. Tukaripoti tena. Jibu likawa lile lile.

Baada ya hapo, twende wapi? Mahakama ya watoto ilisimama pamoja na mahakama nyingine za serikali mji ulipochukuliwa Januari. Askari waliokuwa wakipokea mashtaka ya watoto hawapo. Kinshasa kuna ofisi zenye majina marefu: ARPTC ya posta na simu, CSAC ya vyombo vya habari. Kutoka hapa hadi kwenye meza ya mtu ambaye anaweza kumpigia simu mkubwa wa kampuni ile ng'ambo, sioni njia.

Jioni nilikwenda nyumbani kwao, mtaa wa Majengo. Baba yake ameamua binti asije shule mpaka maneno yaishe. "Mwalimu, nimuokoe vipi?" aliniuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mkali. Alikuwa amechoka. Aliyebandika picha ile kesho atakaa darasani. Aliyebandikwa atakaa jikoni.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa "aliyeiangalia" picha ile. Inawezekana ni mashine, inawezekana ni mtu. Kama ni mtu, anaifahamu sare ya buluu na nyeupe kuwa ni ya mwanafunzi wa Kongo? Anaelewa maneno ya Kiswahili cha Goma yaliyoandikwa chini yake, maneno ambayo hata Mtanzania angehitaji kuelezwa?

Tunajua kidogo kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu wafanyakazi wenyewe walifika mahakamani. Kwa miaka kadhaa waliosafisha Facebook kwa ajili ya sehemu kubwa ya Afrika walikuwa Nairobi, katika ofisi za kampuni ya Sama iliyopewa kazi na Meta, mwenye Facebook. Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata zaidi ya wafanyakazi 180 wakafungua yao. Desemba 2024 ilitolewa ripoti ya daktari kwamba zaidi ya 140 kati yao wana maradhi ya akili yanayotokana na mshtuko, baada ya kutazama siku nzima mauaji, ubakaji na watoto wanaoteswa. Mahakama za Kenya zilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, ingawa yenyewe ilidai haina makao huko.

Naziweka pamoja picha ile na kesi hizi, maana ni jambo moja. Aliyetakiwa kumlinda mtoto wangu wa Goma alikuwa kijana wa Nairobi aliyelipwa kidogo na kuumizwa akili, na juu yake kulikuwa na kampuni iliyodai haina makao Kenya. Uamuzi wa majaji wa Kenya kwamba kampuni iliyofanya kazi Kenya inaweza kujibu Kenya una uzito kwangu kuliko umri wowote utakaoandikwa kwenye karatasi. Umri unamhusu mtoto. Uamuzi ule unamhusu mwenye kampuni.

Jumapili, 28 Desemba

Mtoto wa kaka yangu yuko kwetu kwa likizo. Ana miaka 12. Baada ya chakula alikaa kizingitini na simu, nami nikakaa nyuma yake, akijua nipo. Alianza na bao la mpira. Kidole kikapanda: vijana wanacheza dansi juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Kikapanda tena: mchekeshaji wa Kinshasa. Halafu wapiganaji wanaimba, bunduki juu, wimbo ule ule wa vijana wa dansi. Akabaki hapo mpaka mwisho, na bila shaka programu ile iliona amebaki. Zilizofuata zikawa za bunduki tupu. Kisha maiti barabarani. Mtoto akapatambua mahali hapo mjini kwetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni pale Signers," akapandisha.

Hakutafuta maiti. Aliletewa.

Ndiyo maana hoja ya "wazazi wawachunge watoto" hainitoshi, ingawa wazazi wanayo kazi yao. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje nyaraka za ndani. Zilionyesha kwamba utafiti wa kampuni yenyewe ulikuta Instagram inawazidishia baadhi ya wasichana huzuni juu ya miili yao. Walijua kinachomuumiza mtoto, wakajua na kinachomfanya abaki. Mimi nina jicho moja kizingitini. Wao wana programu inayomtazama kila anaposita.

Na Goma hatari si huzuni peke yake. Mwaka 1996 watoto walichukuliwa barabarani na mashuleni wakafanywa askari, wakaitwa kadogo. Siku hizi mvulana anaweza kuanza kuitwa akiwa amekaa nyumbani kwao, kwa wimbo, sare mpya na wenzake wanaochekelea bunduki. Sheria yetu ya kulinda mtoto inatoa kifungo cha miaka 10 hadi 20 kwa anayemwingiza mtoto jeshini au kwenye kundi lenye silaha. Haisemi lolote juu ya programu inayomwonyesha mvulana njia ya kwenda huko.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Sheria yetu ya kulinda mtoto imetimiza miaka 17 leo: ilitiwa saini 10 Januari 2009, wiki chache kabla WhatsApp haijasajiliwa kuwa kampuni. Nimeisoma tena usiku kwa mwanga wa taa ya betri. Ni sheria nzuri. Inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaadhibu picha za ngono za watoto. Baadaye ikaja ile ya 13 Machi 2023, Kanuni ya Dijitali, inayogusa taarifa za watu binafsi, unyanyasaji wa mtandaoni na makosa ya kompyuta. Kwa hiyo aliyemtendea binti yule ametenda kosa mara mbili juu ya karatasi.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ina sheria yake ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi: mtoto wa chini ya miaka 16 anahitaji idhini ya mzazi. Nimeikumbuka kwa sababu simu nyingi hapa zina laini ya Gisenyi. Mtoto aliyezaliwa Goma, mwenye laini ya Rwanda, katika mji unaotawaliwa na M23, ndani ya nchi ya Kongo, anatukanwa kwenye mtandao wa Marekani au wa China. Nani kati ya wote hao ni wa kumwendea? Kila mmoja ana sababu ya kusema kwamba wa kuulizwa ni mwingine.

Binti hajarudi shule. Mama yake anapita kuchukua daftari za wenzake na kumnakilia.

Jumatano, 14 Januari

Jana jioni Uganda wamezima intaneti kabla ya uchaguzi wa kesho. Facebook huko walikuwa wameifunga tangu Januari 2021. Jirani yangu ana watoto wawili wanaosoma Kampala. Usiku kucha alikuwa akitazama ile alama moja ya kijivu ya WhatsApp isiyogeuka kuwa mbili.

Mwalimu wa hesabu alirudia maneno yake: angalau Uganda serikali ina nguvu ya kufunga. Mara hii sikunyamaza. Nilimwambia nguvu hiyo tunaifahamu sisi kuliko yeyote. Januari 2015, vijana walipoandamana kupinga sheria ya uchaguzi, Kinshasa ilikata intaneti. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kura, ilikata nchi nzima karibu wiki tatu, kwa maelezo kwamba matokeo ya uongo yasienee. Mwishoni mwa Januari 2025, siku Goma ilipokuwa ikianguka, NetBlocks, wanaofuatilia uzimaji wa intaneti, waliandika kwamba X na TikTok zimezuiwa nchini. Na Tanzania walipoizuia X mwaka jana, waziri wao Jerry Silaa alieleza kuwa mtandao ule unaruhusu picha za ngono zilizo kinyume cha maadili ya nchi. Maadili yakatajwa, na waliokosa habari walikuwa watu wazima wanaojiandaa kupiga kura.

"Nitajie," nilimwambia, "siku moja ambayo serikali yoyote ya huku ilikata mtandao, na kesho yake picha ya mtoto mmoja ikawa imeondolewa."

Akafikiri. Ni mtu mkweli. "Hakuna," alisema. Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba mchana wote: "Lakini Mwalimu, nisipotaka wafunge, niombe nini? Maana nina mabinti watatu."

Anastahili jibu. Wanaotetea uhuru wa mtandao mara nyingi wanaishia kusema "msizime", kana kwamba baba mwenye mabinti watatu amekwisha kujibiwa.

Jumapili, 18 Januari

Jibu langu kwa mwalimu wa hesabu, kabla ya mkutano wa wazazi wa wiki ijayo.

Aombe sheria inayoitaja kampuni kwa jina la mwenye wajibu. Ikitaka kuuza matangazo kwa Wakongo, iwe na mtu nchini anayeweza kuitwa na kujibu. Iwe na wakaguzi wa kutosha wanaojua Kiswahili chetu, Kilingala na Kinyarwanda, waliolipwa vizuri na kutunzwa. Picha ya mtoto ya uchi, ya kweli au ya kubandikwa, ishuke kwanza, maswali yafuate. Akaunti ya mtoto isiletewe mtu ambaye mtoto hakumtafuta wala video ambayo hakuiomba. Hilo la mwisho linawezekana bila cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kampuni inayojua mtoto amebaki kwenye wimbo gani inaweza pia kukisia kwamba ni mtoto.

Aombe ofisi, iliyo na mtu wa kupokea shauri na siku ya mwisho ya kulijibu.

Na aombe iandikwe humo humo, kwa maneno yasiyopinda, kwamba kumlinda mtoto hakutakuwa kamwe sababu ya kuzima mtandao. Wiki ile ya mwisho ya Januari 2025, mji ulipochukuliwa, maji na umeme vikiwa vimekatika, watoto waliopotezana na mama zao wakikimbia walipatikana kwa picha zilizopitishwa kwenye simu kila mtandao uliporudi hata kwa saa moja. Simu iliyomwaibisha mwanafunzi wangu ndiyo iliyowarudisha wengine nyumbani. Sheria ya mtu asiyejua yote mawili itaumiza zaidi kuliko kusaidia.

Umri wa kuingia uwe wa mwisho kujadiliwa. Hata wakiweka 16, sitapinga. Ila wakianza nao, najua wataishia hapo, na vibanda vya Birere vitaendelea kutoa 1 Januari 1990.

Jumamosi, 24 Januari

Mkutano wa wazazi umekwisha saa nane. Wengi walikuja, hata baba wa binti yule.

Wapo waliotaka shule ipige marufuku simu hadi nyumbani, na wapo waliotaka mvulana aliyeibandika picha afukuzwe. Tayari anajulikana, ni wa darasa la juu ya binti, na mama wa mvulana alikuwepo, ameinamisha kichwa. Mkuu wa shule akanipa nafasi. Nilisema kwamba serikali ya kutulinda haipo leo, na ikirudi haitafika na sheria mkononi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tunachoweza kukiamua sisi tukiamue sasa.

Tumepatana mambo manne, na yamesainiwa. Atakuwepo mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume wa kupokea mashauri haya, na daftari lake litafungiwa kabatini. Kila kikundi cha wazazi cha WhatsApp kitakuwa na msimamizi, ambaye ni lazima aifute picha ya mtoto anapoambiwa na kuwaandikia wote kwamba ni ya uongo. Aliyetengeneza au kusambaza atakaa nje ya darasa mpaka wazazi wake wafike na afute mbele yao. Na mtoto aliyedhalilishwa haondolewi shule hata siku moja, na mtu yeyote, akiwemo baba yake.

La nne ndilo lililoleta ubishi mrefu. Baba wa binti alisimama mwishoni, akasema, "Basi Jumatatu anakuja."

Haya si badala ya sheria. Picha ile bado iko kwenye simu ambazo hatuzijui, na kampuni bado inasema haikuvunja kanuni. Dola itakayokuja kuniambia inawalinda watoto wetu mitandaoni, yoyote ile, sitaiuliza kwanza umri iliouandika. Nitaiuliza: binti wa miaka 14 wa Majengo akipiga simu leo, nani anaipokea, atamjibu kwa lugha gani, na picha itaondoka saa ngapi?